Haludi au ambari: tuulize msimu, mahali na aliye karibu



Wiki hii tunajibu barua ya dada mmoja wa Chukwani, Unguja, ambaye ameomba tusilitaje jina lake. Yumo katika mwaka wa tatu wa ndoa, na anakaa nyumba moja na mavyaa yake. Anasema mume wake hana anasa ya dunia ila manukato. Kila akishaoga hujipaka haludi, na kabla ya kulala hujipaka tena. Katika miezi ya Kipupwe dada haoni taabu yoyote, bali huipenda harufu ile. Lakini joto la Kaskazi likiingia, humjaa kifuani, kichwa humwuma, na usiku wa manane huinuka akafungua dirisha.

Mwaka huu mume ameliona dirisha lile, na amelichukulia kuwa ni kukimbiwa. Zimepita siku kadhaa hawasemezani ila kwa yale ya lazima. Mwisho mume amemwambia hivi: chupa yake imekwisha, fedha aliyonayo inatosha nusu tola, basi achague mke mwenyewe, haludi au ambari, na hiyo ndiyo atakayojipaka mwaka mzima. Mavyaa naye amesikika akisema kwamba nyumba isiyonuka udi haina heshima. Dada anatuuliza: nichague ipi?

Tumelisoma swali hili zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili. Moja ni la manukato, na lina majibu yake. La pili ni la watu watatu chini ya paa moja. Tutaanza na la kwanza, kwani likifahamika vizuri, la pili hupungua uzito.

Vitu vyenyewe

Haludi ni mafuta ya udi. Udi hutoka katika miti ambayo wataalamu huiita Aquilaria, nayo huota Assam katika India, Kambodia, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani. Mti huo ukiwa mzima, mbao yake ni nyeupe na haina harufu ya kutajwa. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wa kujikinga. Utomvu huo ukikaa ndani ya mbao kwa miaka, mahali pale huwa pazito na peusi, na hapo ndipo unapokatwa udi. Vipande vizuri huuzwa kwa ajili ya chetezo. Vingine hulowekwa, huchemshwa, na mvuke wake hukusanywa hata yakapatikana mafuta. Kwa kuwa miti hii imekatwa mno, mkataba wa kimataifa wa CITES uliiweka aina ya Aquilaria malaccensis chini ya udhibiti wa biashara mwaka 1995, na ilipofika mwaka 2005 udhibiti ukaenea kwa jamii yote ya Aquilaria. Kwa hiyo asishangae mtu akiambiwa bei ya haludi safi.

Haludi si moja. Ile ya Kihindi huanza kwa ukali, ina harufu ya ngozi na hata ya zizi, kisha baada ya muda hutulia ikawa mbao na moshi. Ile ya Kambodia huelekea utamu zaidi, kama matunda yaliyoiva sana. Zote mbili ni nzito, na hukaa katika nguo siku nyingi.

Ambari nayo ina sura mbili. Ambari ya asili hutengenezwa tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, yule anayekula ngisi. Hutoka ikaelea baharini, ikapigwa na jua na chumvi kwa miaka, mwisho ikaokotwa ufukweni. Pwani yetu ilijulikana kwayo tangu zamani: al-Masudi, msafiri na mwandishi wa karne ya 10 aliyezifikia bahari hizi, aliitaja ambari ya nchi ya Zanji kwa sifa. Basi tukitazama biashara ya pepo za misimu, udi ulikuja kwetu kwa majahazi ya Kaskazi kutoka upande wa Bara Hindi na Arabuni, na ambari ilitoka kwetu ikaenda kwa Kusi. Hayo ndiyo manukato mawili yanayogombewa katika nyumba ile ya Chukwani.

Lakini ambari inayouzwa leo katika vichupa vidogo, kwa sehemu kubwa sana, si ile ya nyangumi. Ni mchanganyiko wa utomvu wa miti kama labdanamu, vanila na viungo vingine, uliotengenezwa ufanane na joto na utamu wa ambari. Hakuna ubaya katika kuununua, ilimradi muuzaji aseme ni nini anachouza na mnunuzi ajue analipia nini. Katika Sahihi Muslim mna habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Muuzaji wa mafuta naye ana lundo lake.

Joto hufanya nini

Manukato hupaa kwa joto. Ngozi ikiwa moto na hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kama ilivyo Unguja kuanzia Disemba hadi Machi, tone moja hufanya kazi ya matone matatu. Jasho nalo huchanganyika na mafuta. Ukali wa haludi huzidi, na utamu wa ambari hugeuka mzito wa kukinaisha, mithili ya halua iliyoachwa juani. Katika Kipupwe, Juni hadi Agosti, mambo hugeuka: hewa ni kavu zaidi, usiku una ubaridi wake, na mafuta hukaa karibu na mwili, yakitoka kidogo kidogo.

Mahali pia pana hukumu yake. Chukwani ni pwani iliyo wazi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga kasri lake huko, na mwenye kusimama ufukweni pale hana haja ya kuuliza kwa nini. Upepo wa bahari huichukua harufu ukaipeleka. Mtu huyo huyo akiingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe, au akipanda daladala iliyojaa, harufu yake haina pa kwenda. Na chumba cha kulala kilichofungwa madirisha kwa ajili ya mbu ni finyu kuliko daladala.

Liko jambo jingine, nalo tunamwomba mume alisome kwa utulivu. Pua huzoea. Anayejipaka harufu moja kila siku hufika mahali asiisikie tena, akadhani imekwisha, akaongeza. Hafanyi ukaidi, ni maumbile ya binadamu. Maana yake ni kwamba mwenye kujipaka si kipimo cha kiasi alichojipaka. Kipimo ni pua ya aliye karibu naye. Kwa mume yule, kipimo hicho amelala ubavuni mwake, na kimemfungulia dirisha.

Misimu minne, vichupa viwili

Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa dada ni hili: usichague moja kwa mwaka mzima, kwa kuwa mwaka wenyewe si mmoja. Nusu tola ni robo mbili. Na kwa kuwa ambari ya kuchanganywa huwa nafuu kuliko haludi, fedha hiyo hiyo huenda ikatosha robo tola ya haludi, robo tola ya ambari, na kubakiza ya chupa ya marashi ya mawaridi. Kisha vigawanywe hivi.

Katika Kaskazi, mchana, haludi itumike kwa ncha ya kijiti, nyuma ya sikio, mara moja tu. Ambari ipumzishwe kabatini. Usiku isipakwe yoyote mwilini. Asmini chache juu ya mto, au marashi kidogo katika shuka, zimewatosha wazee wetu katika joto hilo hilo, na hazijamchosha mtu.

Katika Masika, Machi hadi Mei, nguo hazikauki na makabati hunuka ukungu. Huu ndio msimu wa moshi kuliko mafuta. Kanzu na buibui zitandazwe juu ya tenga, chetezo kiwe chini yake, zifukizwe kwa kipande kidogo cha udi. Unyevu hupungua, na harufu inayobaki ni laini kuliko ya mafuta.

Kipupwe ni msimu wa ambari. Hapo utamu wake hutulia, na usiku hukaa vizuri mwilini na katika nguo za kulalia. Haludi nayo ina nafasi yake kamili katika msimu huu, na dada mwenyewe amekiri kwamba huipenda. Basi iwe ya mchana, ambari iwe ya usiku.

Vuli, Oktoba hadi mwanzo wa Disemba, ni daraja la kurudi katika joto. Kiasi kipunguzwe wiki hadi wiki, badala ya kungoja mtu aumwe kichwa ndipo kipunguzwe.

Shughuli na mahali pake

Siku ya Ijumaa, kuoga na kujitia manukato ni sunna inayojulikana na kila nyumba. Lakini msikiti siku hiyo umejaa, mabega yanagusana, na baina ya waumini wamo wagonjwa wa pumu na wazee. Tunajua kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi alikatazwa kuukaribia msikiti kwa sababu ya kuwaudhi wengine, nayo ni hadithi ya Bukhari na Muslim. Harufu nzuri haina hukumu ya kitunguu saumu, ila sababu ya kuwachunga walio karibu inabaki pale pale. Tone moja la haludi, lililopakwa nusu saa kabla ya kutoka ili ukali wake wa mwanzo upite nyumbani, ni kiasi cha kumpamba mtu bila kumkera wa ubavuni.

Idd ina mtihani wake, kwa kuwa haina msimu. Mwaka wa Hijria huwa mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa jua, hivyo Idd huzunguka. Idd el-Fitri ya mwaka 2016 iliangukia Julai, katikati ya Kipupwe, na ambari ilikuwa mahali pake. Ile ya mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Mwanzoni mwa miaka ya 2030 itaingia Januari na Februari, katika kilele cha joto. Mwenye kusema, “Mimi manukato yangu ya Idd ni haya,” na kuyashika miaka yote, atajikuta siku moja amevaa koti zito juani. Kwa Idd ya joto, haludi kidogo na kanzu iliyofukizwa usiku wake. Kwa Idd ya baridi, ambari ikitakiwa.

Harusini wanaume hukutana mara nyingi mahali penye hewa, na haludi huwafaa. Kwa kina mama, wanaokuwa peke yao ndani jioni, ambari ni pambo zuri, ila wakumbuke kwamba ukumbi wa wanawake mia moja, kila mmoja na chupa yake, huwa na harufu mia moja. Aidha dada zetu wanajua mwongozo uliopokewa na Muslim kutoka kwa Zaynab, mke wa Ibn Masud, kwamba mwanamke anayekwenda msikitini asijitie manukato. Nyumbani ndiko yanakomfaa kwa ukamilifu wake.

Kumzuru mgonjwa ni bora kwenda bila harufu nzito kabisa. Mama mwenye mimba changa naye huweza kuchukizwa leo na kile alichokipenda jana, na asilaumiwe.

Ziko pia nyakati ambazo swali la haludi au ambari halipo. Aliyeingia katika ihramu hajitii manukato. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, alimpaka Mtume kabla ya kuhirimia, si baada yake. Mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, naye huyaacha. Familia zinazoishi na mjane zimfanyie hisani kwa kutomzungushia chetezo na kumtaka achague.

Namna ya kununua

Tunashauri mume na mke waende pamoja, Darajani au popote wanapomwamini muuzaji. Waende katika msimu watakaoyatumia mafuta hayo, kwa kuwa kilichonukia vizuri Julai hakitoi habari ya Januari. Wasihukumu kwa kunusa mdomo wa chupa. Haludi ipakwe kifundo kimoja cha mkono, ambari kingine, kisha watoke nje, watembee, waswali ikiwa wakati umefika, na warejee baada ya saa nzima. Haludi hasa haihukumiwi mwanzoni: wengi huikataa katika dakika ya tano wakaipenda katika dakika ya sitini, na wengine kinyume chake. Kwa siku moja zijaribiwe mbili au tatu, zaidi ya hapo pua huchoka na kila kitu hunuka sawa.

Chupa kubwa ya “haludi safi” kwa bei ya soda ni mchanganyiko, iitwe vyovyote. Mafuta yawekwe mbali na jua. Na haludi isipakwe juu ya kanzu nyeupe, kwa kuwa huacha doa. Ni ya mwilini, na kanzu ina moshi wake.

Watu watatu chini ya paa moja

Sasa tuseme na wenye nyumba.

Kwa mama, mavyaa wa dada yetu: udi ni heshima, na hatutaki nyumba yako iukose. Imepokewa na Muslim kwamba Ibn Umar alikuwa akijifukiza udi mtupu, na pengine udi pamoja na kafuri, akaeleza kuwa Mtume naye alifanya hivyo. Tunachokuomba ni mahali na wakati. Alhamisi baada ya Magharibi, sebuleni, madirisha yakiwa wazi, makaa yakiwa yameshika vizuri ili yasitoe moshi wa kukereketa, na chetezo kikiwa mbali na watoto. Chumba cha vijana kiachwe. Moshi wa aina yoyote humdhuru mwenye kifua, na mkeo wa mwana akikohoa usiku kucha, heshima ya nyumba haijaongezeka.

Kwa mume: umesema achague mke, nasi tunaona ndani ya neno hilo pana hasira kidogo, lakini pana mapenzi pia, kwani mtu hampi hiari asiyemjali. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda naye ajipambe kwa ajili yake. Pambo la mke basi halipimwi kwa bei ya tola wala kwa jina la nchi lilikotoka. Kama halimpendezi usiku ule, halijawa pambo lake. Dirisha lililofunguliwa lilikuwa linaomba hewa. Ungemwuliza usiku ule, ungeambiwa hivyo.

Kwa dada yetu: katika barua yako umetuandikia sentensi moja ambayo tumeirudia kuisoma, kwamba katika Kipupwe huipenda harufu ya mume wako na huitafuta katika nguo zake akiwa kazini. Hatukuona mahali ulipoandika kuwa umemwambia yeye. Yeye analijua dirisha tu. Mtafutie wakati asio na machofu, baada ya chakula, si usiku wakati tayari ameumia, na uanze kwa hilo la nguo. Kisha mwambie la Kaskazi na kifua chako. Maumivu ya kichwa yakiendelea, au pumzi ikibana, nenda hospitali ukapimwe, usiyaachie manukato peke yake kuwa sababu.

Ukimaliza, usimpe jibu la haludi au la ambari. Mwambie vichupa viwili vya robo tola, na kwamba Jumamosi mtakwenda Darajani pamoja kuvichagua. Na usiku wa leo, mwache alifungue dirisha yeye.

Wabillahi tawfiq.